Shangazi, nilitetemeka usiku kucha ndani ya slipingi begi jipya, nimekosea wapi?

Shangazi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila hii ndo mara ya kwanza naandika, na najua wengi wanakuandikia mambo ya ndoa na mawifi, mi la kwangu ni baridi tu, usinicheke.

Niko Morogoro, nina miaka 27, nafanya kazi za uhasibu. Tuna kikundi chetu cha watu sita tunapenda kupanda milima wikiendi, na wala si watu wa pesa, kila mtu anabeba mzigo wake mgongoni, hatuna wapagazi wala gari la kutufuata nyuma. Mwaka jana mwezi wa saba tukapanda Uluguru tukalala kule juu usiku mmoja. Kabla ya safari nilinunua slipingi begi kwenye duka moja, jipya kabisa, la bluu, limeandikwa kwa maandishi makubwa nyuzi -5, na muuzaji akaniapia kwamba hilo hata Kilimanjaro unaenda nalo. Nikatoa elfu 65 roho inauma ila nikasema sawa, afya kwanza.

Shangazi nilitetemeka! Yaani meno yaligongana mpaka mwenzangu wa kwenye hema akaamka akadhani kuna mnyama anatafuna kitu hahaha. Nilivaa kila nilichobeba, majaketi mawili, suruali mbili, soksi jozi tatu, mpaka mle ndani nikawa siwezi hata kukunja goti, nimebanwa kama dagaa kwenye kopo. Nikilala chali mgongo unaganda, nikilala ubavu, ubavu nao unaganda, nikawa najigeuza tu kama mshikaki. Cha ajabu kifuani nilikuwa kawaida. Godoro la kutandika sikubeba maana begi langu la mgongoni ni lita 40 na hilo la bluu peke yake lilikula nusu nzima, so nikatandika khanga chini nikalala. Saa kumi usiku nikashindwa, nikatoka nje nikaanza kupiga jaramba gizani mpaka kukakucha.

Sasa mwezi wa pili tunaenda Kitulo kuona maua halafu tunashuka kwa miguu mpaka Matema ziwani, siku nne hivi. Kila mtu ana lake la kunishauri. Jamaa mmoja wa kikundi anasema nichukue la manyoya ya bata, kuna mtu anauza mtandaoni laki tatu na nusu, eti unalikunja linakuwa kama mkate. Mwingine anasema achana na mambo ya kizungu, beba blanketi la nyumbani. Mchumba wangu naye yumo kwenye safari, yeye anataka tununue moja kubwa la watu wawili tuokoe hela na uzito (mahari hajamaliza lakini mawazo anayo). Mama ndo kabisa, anauliza nimekosa nini kitandani kwangu mpaka nikalale porini kama mwizi wa ng'ombe.

Bajeti yangu laki na ishirini na hapo nimejikamua. Nataka kitu kidogo, chepesi, nisife baridi. Nichukue lipi? Na hili la bluu nilitupe?

Ni mimi mtetemekaji wa Morogoro.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Hapo kwa mnyama anayetafuna nimecheka, nisamehe, lakini nimecheka kama mtu aliyewahi kuwa mnyama huyo. Shangazi yako kabla hajakaa hapa kujibu barua za mawifi alikuwa mgumu, ndo jina letu wapagazi wa Kilimanjaro, baadaye nikapika, baadaye magoti yalipogoma nikafungua kibanda Moshi nikawa nakodisha vifaa vya mlima. Slipingi begi nimezishika kwa mamia, nimezifua, nimeziziba matundu, na nyingine nimezinusa tu nikazirudisha.

Sasa rudia kusoma barua yako mwenyewe. Umesema kifuani ulikuwa kawaida na upande uliogusa chini ndo ulikuwa unaganda. Na umesema ulitandika khanga. Basi wala hukuangushwa na begi, au tuseme begi lilichangia kidogo, mwizi mwenyewe ni ardhi.

Iko hivi. Begi la kulalia halina joto lake, joto ni la kwako, kazi ya begi ni kushika hewa katikati ya zile pamba ili joto ulilotoa lisiondoke. Juu yako pamba imevimba vizuri, hewa ipo, kifua kinapata raha. Chini yako umeilalia, imebanwa imekuwa nyembamba kama chapati, hewa hakuna, kwa hiyo mgongo wako na udongo wa Uluguru vikabaki vinasalimiana usiku kucha, na udongo haushibi, utaunyonyesha joto mpaka asubuhi na hautasema asante. Hata hilo la laki tatu na nusu lingebanwa vilevile, tena manyoya yanabanwa zaidi kuliko pamba. Halafu ukaongeza kosa la pili, ukajaza majaketi ndani mpaka ukabana, maana yake ukazisukuma pamba kutoka ndani nako, hewa ikaisha pande zote. Na soksi jozi tatu ndani ya nafasi ndogo zinabana damu, mguu usiopitisha damu haupati joto hata uuvishe soksi kumi.

Tuje kwenye hiyo -5. Hapa muuzaji sijui alikudanganya au na yeye hajui, wengi hawajui. Mabegi yaliyopimwa kwa utaratibu unaoeleweka (zamani waliuita EN 13537, siku hizi ISO 23537) yana kilebo chenye namba tatu. Ya kwanza ni komfoti, hapo mwanamke wa kawaida analala usingizi wake vizuri. Ya pili ni limiti, hapo mwanaume wa kawaida aliyejikunja anavumilia bila kuamka. Ya tatu ni ekstrimu, na hiyo mwanangu isome kwa heshima, maana yake ni kwamba mwanamke atakaa humo saa sita bila kufa. Bila kufa! Kulala hawajaahidi. Sasa viwanda vingine vinachukua hiyo ya tatu vinaiandika kwa wino mkubwa nje, na wewe unasoma -5 unafurahi wakati komfoti ya begi lenyewe huenda ni nyuzi 10 au hata zaidi. Wewe ni mwanamke na umesema wazi unasikia baridi, soma komfoti tu, nyingine waachie wanaume wabishane. Na ujue kitu kimoja ambacho wengi hawakitaji, lile sanamu wanalotumia kupimia huko maabara huwa limevalishwa nguo ndefu za ndani na soksi, na chini limetandikiwa godoro. Yaani hata sanamu halilali kwenye khanga.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza iende chini. Tafuta mkeka wa fomu (povu la plastiki), ile ngumu yenye vitundu vilivyojifunga, nyepesi, haifyonzi maji, unene sentimita moja na kuendelea. Ukiibonyeza kwa kidole irudi hapohapo, na ukiidumbukiza kwenye beseni ielee itoke kavu. Usikatiwe sponji ya magodoro, najua ni rahisi kuipata na fundi atakushawishi, ile ukiilalia inalala na wewe, na ikinyonya maji utabeba kilo tatu za maji bure. Ukikosa kabisa, mikeka miwili ya yoga ukiipanga juu kwa juu inasaidia. Ya kupuliza ipo, inakunjika kadogo na nzuri kwa mgongo, ila mwiba mmoja tu unarudi kulala chini, na kwa bajeti yako mi sikushauri. Na usibebe mkeka mzima! Kata uishie magotini, chini ya miguu utaweka begi lako la mgongoni likiwa tupu, sisi wote tulifanya hivyo na hakuna aliyekatika mguu. Mkeka unafungwa nje ya begi kwa kamba, lita 40 zako haziguswi.

Sasa safari yenyewe, na hapa ndo yule jamaa wa manyoya namkatalia. Manyoya ya bata ni kitu kitamu, sibishi, kwa joto lilelile yanapungua uzito karibu nusu na yanakunjika kadogo kweli, na wageni waliokuwa wananiachia ya kwao mwisho wa safari nilikuwa naringa nayo mtaa mzima. Lakini manyoya yakilowa yanashikana madonge kama uji uliopoa, joto linaisha hapohapo na kukauka ni siku mbili tatu za jua. Nyie mnaenda Kitulo mwezi wa pili. Kule mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba hivi na kuendelea mpaka Aprili, Mei, na ndo hiyo mvua inayoleta hayo maua mnayoyafuata, hamuwezi kupata kimoja mkaacha kingine. Hema litalowa, nguo zitakuwa mbichi, mvuke wa pumzi zenu utadondoka kutoka juu. Chukua pamba ya polista, hii ya kiwandani, si ya shambani, ikilowa inapoteza kiasi lakini haikutupi kabisa, unaikamua, unaikung'uta, unalala. Manyoya utanunua ukishaolewa na mchumba ana hela.

Baridi ya Kitulo upige hesabu hivi. Matema kando ya ziwa Nyasa iko chini ya mita 500, Kitulo uwandani ni kama mita 2,600, na kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6. Hapo tofauti inakuja nyuzi 12 au 13, yaani siku ambayo watu wa Matema wamelala na madirisha wazi nyuzi 21, nyie juu mko kwenye 8 au 9, na wingu likifunguka alfajiri inashuka tena. Mngeenda mwezi wa sita au wa saba ningekwambia lugha nyingine, kule huwa kuna jalidi, majani yanaamka meupe. Kwa mwezi wa pili tafuta begi la komfoti nyuzi 5, uzito kilo 1 na robo mpaka 1 na nusu. Na kwa kuwa safari inaanzia kwenye baridi inaishia kwenye joto, hakikisha zipu yake inafunguka mpaka miguuni, lile la zipu nusu siku ya Matema utaokwa humo ndani, hili la zipu ndefu unalifungua lote unajifunika kama shuka. Umbo liwe lile linalopungua kuelekea miguuni lenye kofia, la mstatili linabeba hewa nyingi ya bure ambayo wewe ndo unalipia kuipasha.

Dukani jipya la hivyo kwa hela itakayobaki sikuahidi. Nenda mitumba. Ukipata safari ya Dar pita Karume, ukipata mtu wa Moshi mwambie aende Memorial, na hata hapo Morogoro siku za kufungua marobota amka mapema. Mabegi ya kulalia huwa yamechanganywa na mapazia na majaketi, wauzaji wengine hawajui ni nini wanadhani ni blanketi la mtoto, na usiwaelimishe. Beba vitu viwili, ndoo ya lita 10 na ile mizani ndogo ya kuning'iniza ya wauza samaki, watakuona chizi, poa tu.

Ukilipata, kwanza geuza ndani nje utafute kilebo, huwa kimeshonwa miguuni au karibu na kofia, soma komfoti. Kilebo kimekatwa? Basi bei iwe ya blanketi. Halafu linyanyue juu juani ulitazame kama unavyotazama yai, pamba isambae sawasawa, ukiona sehemu mwanga unapenya na pembeni kuna donge, lilifuliwa vibaya kwa mashine, achana nalo. Litandaze, libonyeze kwa viganja viwili halafu uachie, uhesabu pole pole mpaka kumi, kama halijaanza kuvimba lenyewe limechoka, na la kuchoka halina dawa. Pandisha na kushusha zipu mara tano sita, mkono mmoja, kama utakavyofanya usiku ukibanwa na haja ndogo, ikikamata kitambaa mara mbili jua itakukamata siku ya mvua. Ndani ya zipu kuwe na mkia wa pamba unaoifunika urefu wote, bila huo upepo unaingia kwenye meno ya zipu kama filimbi. Nusa, harufu ya vumbi inatoka kwa kufua, harufu ya ukungu haitoki, nimejaribu. Mwisho liingie, ndiyo, hapohapo sokoni, vua viatu uingie, maana mengi ni ya watoto wa Ulaya na utagundua mabega yako nje wakati umeshafika Matamba, mlangoni mwa Kitulo. Ukiridhika libane uliingize kwenye ndoo, likiingia lote na ukaweza kufunika, hilo ni saizi yako, litakaa chini ya begi lako na nafasi ya kupikia itabaki. Lipime kwenye mizani ndo uanze kupatana, na ukifika elfu 60 simama hapo.

Kwenye elfu 60 inayobaki, elfu 30 na ushee ni ya mkeka, na khanga yako hiyohiyo ya Uluguru tuipe kazi inayoiweza. Peleka doti moja kwa fundi cherehani akushonee kama foronya ndefu, unaingia humo kwanza halafu ndo unaingia begini. Inaongeza joto kidogo, siwezi kukudanganya kwamba ni nyingi, ila jasho na vumbi la miguu vinaishia kwenye khanga na begi huhitaji kulifua mara kwa mara, kufua ndo kunakoyaua. Kubebea, zamani ningesema mfuko wa rambo, lakini tangu Juni 2019 marufuku, tafuta mfuko mweusi mzito wa taka uweke ndani ya begi la mgongoni, ndo uweke la kulalia na jozi moja ya soksi kavu ambayo haivaliwi kwa sababu yoyote ile mpaka wakati wa kulala. Ukifika kambini la kulalia ndo la kwanza kutolewa, likung'ute, liache livimbe wakati mnapika. Chemsha maji, jaza chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, weka katikati ya mapaja, hapo damu kubwa inapita. Nilikuwa nawafanyia hivyo wageni kule kambi ya Barafu ya Kilimanjaro, mita 4,673, wazungu wakubwa wanashukuru machozi yanawatoka. Jaketi lako moja liwe juu ya begi kama shuka, ndani vaa nguo kavu zisizobana, kofia kichwani, na pua iwe nje, ukipumulia ndani unalilowesha mwenyewe.

Mwenzako wa blanketi mwambie alipime. La nyumbani zuri ni kilo mbili na zaidi, likilowa ni mzigo wa punda, na halikuzungushi, ukigeuka linabaki.

Mchumba sasa. Mwanangu, begi la wawili shingoni linabaki pengo, baridi inaingia hapo kama mgeni aliyekaribishwa, mmoja akigeuka mwingine anaamka, na mmoja akiugua tumbo Kitulo wote wawili mmeugua. Kila mtu alale na lake. Akiona vibaya amalizie mahari tuzungumze upya.

La bluu usilitupe. Ukishapata mkeka, kabla ya kununua kingine chochote, pandeni Uluguru usiku mmoja ulale nalo, suruali moja, jaketi moja, uone tofauti kwa macho yako. Kwa Uluguru na Matema litakufaa miaka, kwa Kitulo halitoshi na linakula nafasi. Ila lisikae limebanwa kwenye mfuko wake huko kabatini, hilo wala hilo jipya, pamba iliyobanwa miezi sita inasahau kuvimba. Litundike, au litie kwenye kiroba kikubwa likae kilegevu.

Mama mwambie shangazi anamsalimia, na kwamba yeye hajakosea, kitandani ni kuzuri. Mkitoka Matema mtapita Kyela, mnunulie mchele kilo tano. Lakini nunua stendi ukiwa unapanda basi, usije ukasema shangazi kakwambia ubebe mgongoni.